"Tutaleta maji": historia ya ahadi moja, Kitui na Makueni

UZI. Ni mrefu kidogo, kwa hivyo kaa kitako.

Ukifuatilia mijadala ya siasa za hii nchi, unajua ikifika zamu ya Kitui na Makueni mazungumzo hayamalizi dakika tatu. Mmoja anasema "tutaleta maji". Wa pili anadai ni upande wake ulioanzisha mradi. Wa tatu anawasifu wananchi wa huko kwa kujitolea, ati wao hawangoji serikali. Kisha wanahamia bei ya unga. Sitataja mtu wala chama hapa, na hakuna haja, kwa sababu hizo sentensi zimesemwa na kila upande. Ukichimba kidogo unakuta nyingine ni za zamani kuliko Jamhuri yenyewe.

Tuanze na hilo neno "kuleta". Linakufanya uone Ukambani kama mahali ambapo maji hayafiki. Yanafika. Kuna mvua za Machi hadi Mei na kuna za Oktoba hadi Desemba, na hizi za pili ndizo mkulima wa huko anazitegemea zaidi. Shida ni vile zinakuja: kwa kishindo, siku chache, juu ya udongo ulio wazi. Mto uliokuwa mchanga mtupu saa nane mchana unaweza kuwa haupitiki saa kumi. Wiki chache baadaye umerudi kuwa mchanga. Maji ya Makueni yameshaingia Athi, Athi ikabadilisha jina ikawa Galana, kisha Sabaki, na mtu wa Malindi akiona bahari imekuwa nyekundu anajua bara kumenyesha. Ule wekundu ni shamba la mtu.

Kwa hivyo swali la historia ya maji huku si nani ataleta. Swali ni yakishafika yanabaki na nani, na nani anagharamia kuyabakisha.

Wakamba wana desturi ya kuzipa njaa majina. Neno lenyewe ni yua, ukame na njaa ndani ya neno moja. Ya mwisho wa miaka ya 1890 inaitwa Ngomanisye, ile iliyoenea kote. Ilikuja juu ya mifugo iliyokuwa imemalizwa na sotoka, na ndui ikaja nayo. Wakati huo huo reli ya Uganda ilikuwa inapanda kutoka pwani: ilifika Voi mwishoni mwa 1897, ikaingia Nairobi 1899, na katikati ilipita Kibwezi na Makindu, ndani ya Makueni ya leo. Injini ya mvuke haiendi bila maji. Fikiria hiyo picha: watu wanakufa njaa na kiu kando ya njia ambayo vituo vyake vimepangwa vikizingatia mahali ambapo injini itakunywa.

Ya 1961 inaitwa yua ya ndeke, kwa sababu chakula kilidondoshwa na ndege. Na ya 1984 inaitwa nikwa ngwete, yaani nakufa huku nimeshika. Umeshika nini? Pesa. Mtu alikuwa na noti mkononi na duka halina kitu. Nimesoma ripoti nyingi za wataalamu kuhusu 1984 na sijaona muhtasari unaolishinda hilo jina.

Sasa twende miaka ya 1930, kwa sababu hapo ndipo lile wazo kwamba shida ni watu wenyewe liliandikwa rasmi.

Serikali ya kikoloni iliangalia milima ya Ukambani ikaona mmomonyoko wa kutisha, makorongo kila mahali, vilima vyekundu visivyo na nyasi. Mmomonyoko ulikuwepo kweli, hakuna anayebisha. Lakini maelezo yaliyotolewa ni kwamba Mkamba anafuga ng'ombe wengi kupita kiasi na hajui kulima. Kilichoachwa pembeni ni kwamba watu walikuwa wamefungiwa ndani ya mipaka ya rizavu. Mua Hills ilikuwa imeenda kwa masetla. Uwanda wa Yatta, ambako mifugo ilikuwa ikipelekwa wakati wa kiangazi, ulikuwa umetangazwa ardhi ya serikali na kufungwa. Ukimfungia mtu kwenye nusu ya malisho yake, bila shaka ng'ombe wataonekana wengi.

Dawa iliyoamuliwa ikawa kupunguza mifugo kwa nguvu. Mwaka 1938 ng'ombe walikamatwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa, na wakati huo huo kiwanda kipya cha nyama cha Liebig pale Athi River kilikuwa kinahitaji ng'ombe wa bei rahisi. Watu waliunganisha hayo mambo mawili haraka. Mnamo Julai mwaka huo zaidi ya elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, walitoka Machakos wakaja Nairobi kumwona gavana, wakapiga kambi wiki kadhaa wakikataa kurudi. Kiongozi wao alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu. Leo barabara inayopita kando ya City Market inabeba jina lake, na wengi wetu tunaitaja kila siku bila kujua alifanya nini. Kabla ya mwaka kwisha serikali iliachana na kupunguza mifugo kwa lazima.

Hiyo ni historia ya ng'ombe, utasema, inaingiaje kwa maji? Inaingia hivi. Baada ya kushindwa kwa ng'ombe, serikali iligeukia udongo, na udongo ndio mtungi wa kwanza wa maji. Shamba likikatwa matuta, mvua inazama badala ya kukimbia. Kwa hivyo miaka ya 1940 na 1950 machifu waliambiwa wahakikishe matuta yanachimbwa. Na nani achimbe? Wanaume wengi walikuwa jeshini, polisi, au kwenye kazi Nairobi na Mombasa. Wakachimba wanawake.

Wakamba walikuwa tayari na kitu kinachoitwa mwethya. Ni majirani wanaoitana kufanya kazi nzito ya mmoja wao, leo kwako, wiki ijayo kwangu. Kujenga nyumba, kupalilia, kuvuna. Ukiitwa unaenda, na mwenye kazi anajua atalipa kwa kuja kwako. Serikali ilijaribu kuichukua hiyo mwethya na kuigeuza kazi ya lazima chini ya chifu. Haikufanya vizuri sana, na sababu ni rahisi: mwethya ni deni kati ya watu wanaojuana, na chifu hakuwa na nia ya kuja kupalilia kwa mtu yeyote.

Lakini hapa ndipo mambo yanapendeza. Kati ya mbinu zilizojaribiwa kuna moja ambayo watu waliikubali kwa hiari yao. Unachimba mtaro kufuata mkunjo wa kilima, na udongo unautupa upande wa juu. Tuta linajijenga lenyewe misimu ikipita, hadi kipande cha mteremko kinakuwa kama ngazi. Inaitwa fanya juu. Leo ukifungua vitabu vya hifadhi ya udongo vya Ethiopia, India, popote, utakuta maneno hayo mawili ya Kiswahili, bila tafsiri. Uhuru ulipokaribia watu wengi waliacha matuta ya kulazimishwa, kisha miaka iliyofuata wakarudi kuyachimba wenyewe, kwa mwethya, kwa sababu mahindi ya juu ya tuta yalikuwa yanaonekana tofauti na ya jirani. Watafiti waliofuatilia Machakos ya zamani (ambayo Makueni ilikuwa ndani yake hadi 1992) kuanzia 1930 hadi 1990 walikuta idadi ya watu imeongezeka takriban mara tano na mmomonyoko umepungua. Kinyume kabisa na kile wataalamu wa 1930 walitabiri.

Upande wa maji yenyewe, baada ya Vita vya Pili kulikuwa na mpango ulioitwa ALDEV, wa kuendeleza ardhi za Waafrika. Ulijenga mabwawa madogo ya udongo mengi Ukambani. Pia ulifungua skimu ya makazi ya Makueni kwa kusafisha msitu uliokuwa na mbung'o. Na kwenye mito michache wahandisi wake walijenga kuta za zege kukatisha mto wa mchanga. Mabwawa mengi ya udongo yalijaa tope. Baadhi ya zile kuta za mtoni zilibaki zikifanya kazi miongo mingi baadaye, na kwa muda mrefu ni wanaokaa kando yake tu waliozijali.

Wacha tupite haraka kwenye Uhuru, kwa sababu sehemu hii kila mtu anaijua. Mwaka 1974 kukawa na mpango mkuu wa kwanza wa kitaifa wa maji, na ahadi ikawa kila Mkenya awe na maji mahali pa karibu ifikapo mwaka 2000. Mwaka 2000 ulifika. Maji tunayajua.

Ila kuna kitu kimoja cha miaka hiyo ambacho kwenye mijadala hakitajwi. Mto Tana unapita mpakani mwa Kitui upande wa kaskazini, na Tana ndio mto ambao nchi hii iliujengea mabwawa makubwa: Kindaruma 1968, Kamburu, Gitaru, Masinga 1981, Kiambere 1988. Yalijengwa kwa ajili ya stima. Stima ikaenda Nairobi na kwenye viwanda. Mwaka 1984, ule wa nikwa ngwete, bwawa la Masinga lilikuwa limeshajengwa. Bomba la kupeleka maji yake Kitui lilikuja baadaye, na la kutoka Kiambere kwenda Mwingi pia, na yote mawili yana shida ileile: maji yako chini na watu wako juu. Lazima yasukumwe na pampu, na pampu inakula stima. Mara kadhaa mji wa Kitui umekaa bila maji kwa sababu bili ya stima haijalipwa. Soma hiyo tena polepole. Bwawa linazalisha stima, maji ya bwawa hilohilo yanakatwa kwa deni la stima. Mtu akikwambia tatizo la Kitui ni ukame, muulize kuhusu hiyo bili.

Sasa kwa mabwawa ya mchanga, ambayo ndiyo yaliyonifanya nianze uzi huu.

Mwaka 1978 mkulima anayeitwa Joshua Mukusya na majirani zake walianzisha kikundi cha Utooni, upande wa Kola. Walianza na mwethya ya kawaida, matuta na matanki, kisha wakaingia mtoni. Miaka ya 1990 shirika la SASOL likaanza kazi Kitui, na kuanzia 1995 limejenga na wananchi zaidi ya mabwawa 500 ya mchanga. Wengine wakafuata, hadi Mtito Andei.

Kwa wasioijua hii kitu: unatafuta mahali ambapo mto wa msimu una mwamba chini na kingo imara. Unachimba mchanga hadi mwamba. Unajenga ukuta wa mawe na simiti juu ya huo mwamba, ukatishe mto wote. Mvua ikija, mafuriko yanaleta mchanga na tope. Mchanga ni mzito, unatua nyuma ya ukuta. Tope ni jepesi, linavuka na maji. Msimu mmoja, miwili, mitatu, nyuma ya ukuta kumejaa mchanga, na mgeni akipita anaona kama ni kazi iliyoharibika. Ndiyo kwanza imekamilika. Kwenye ndoo nne za mchanga mnene kuna nafasi ya ndoo moja ya maji au zaidi kati ya chembe. Jua haliyafikii, kwa sababu mchanga mkavu wa juu unayafunika. Mbu hawazaani humo. Kingo za mto zinanyonya taratibu, visima vya karibu vinapanda, miti inarudi.

Si muujiza, na wanaouza picha za muujiza wanatuharibia. Ukuta usipofika kwenye mwamba, maji yanapita chini na umejenga sanamu. Mto ukibeba tope kuliko mchanga, unajaza ukuta wako matope yasiyotoa maji, ndiyo maana mafundi wazuri huinua ukuta kwa hatua, msimu baada ya msimu. Juu pasipokatwa matuta, kazi ya chini inachoka. Halafu hayawezi kulisha mji. Wote haiwezi kuishi kwa bwawa la mchanga, wala Kitui mjini. Anayesema mabwawa madogo yanatosha na makubwa ni wizi tu, amesema nusu ya ukweli, na nusu aliyoiacha ni watu wa mjini.

Lakini nataka tusimame kwenye ile sifa ya "wananchi wamejitolea".

Bwawa moja la mchanga linahitaji mawe, mchanga, maji ya kukorogea na siku nyingi sana za mikono. Mfadhili au kaunti inatoa simiti, nondo na fundi. Wananchi wanatoa kilichobaki, na kilichobaki ni kizito. Nenda siku ya kazi uone nani amebeba mawe. Ni wanawake, wengi wao, na wazee. Ni walewale ambao, kama bwawa lisingejengwa, wangekuwa njiani na punda na mitungi ya lita 20. Kwenye ripoti inaandikwa "mchango wa jamii", asilimia fulani ya gharama. Mimi nikiwa Nairobi nafungua bomba. Hakuna aliyewahi kuniambia nibebe jiwe la bwawa la Ndakaini ndio nipate maji. Mji unalipiwa mabwawa yake kwa mikopo ya taifa zima, na mwanamke wa Mutomo, anayelipa kodi ileile kwenye sukari na mafuta ya taa, analipa pia kwa mgongo.

Sisemi mwethya ni mbaya. Bila mwethya hizo kuta hazingekuwepo, na kuta zilizojengwa kwa mwethya zina mwenyewe, zikipasuka kuna mtu anajua. Nasema mtu akisimama jukwaani akaisifu, angalia kama anaisifu ili asiweke pesa. Yule chifu wa 1950 pia aliipenda sana mwethya.

Halafu kuna mchanga wenyewe. Nairobi inajengwa. Magorofa, barabara, reli mpya, vyote vinakula mchanga, na mchanga mzuri uko kwenye mito ya Machakos, Makueni na Kitui. Malori yalikuja usiku na mchana. Mto ukitolewa mchanga unabaki mwamba na madimbwi, na maji yaliyokuwa yanakaa humo hayana pa kukaa. Kisima cha kando kinakauka mwaka huohuo. Kijana anayepakia lori analipwa siku hiyo, mama yake anaongezewa kilomita za kutembea. Ugomvi ulikuwa ndani ya nyumba moja, na watu wameuawa kwa ajili ya huo mchanga. Mwaka 2015 Makueni ilipitisha sheria yake ya kuhifadhi na kutumia mchanga, ikazuia usisafirishwe kiholela nje ya kaunti kwa biashara. Kelele zilikuwa nyingi, ati kaunti inazuia vijana kula. Kwa maoni yangu hiyo ni sheria ya maji kuliko sheria nyingi zenye neno "maji" kwenye jina lake. Mchanga ndilo tanki.

Na nani anapaswa kufanya nini kisheria? Hapa mijadala inapotea kila wakati, kwa hivyo tuweke sawa. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na pia haki ya viwango vinavyofaa vya usafi wa mazingira. Ukienda Jedwali la Nne, huduma za maji na usafi ni kazi ya kaunti. Kulinda vyanzo vya maji, na usalama wa mabwawa, ni kazi ya serikali ya kitaifa. Sheria ya Maji ya 2016 ikaacha wakala wa ujenzi chini ya serikali ya kitaifa. Kwa Kitui, Makueni, Machakos na Kajiado ni ule wa Tanathi. Unajenga, kisha kampuni ya maji ya kaunti inapokea na kuendesha. Kwa hivyo utepe unakatwa na mmoja na bili inabaki na mwingine. Ukiona gavana na waziri wanatupiana lawama juu ya bomba kavu, kuna uwezekano mkubwa wote wawili wamesoma sehemu yao ya sheria sawasawa.

Hapo ndipo Thwake inaingia.

Bwawa la Thwake linajengwa mahali Mto Thwake unapokutana na Athi, Makueni ng'ambo hii na Kitui ng'ambo ile. Ujenzi ulianza 2018, kwa pesa za serikali na mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, mkandarasi akiwa kampuni ya China Gezhouba. Ukuta wa mita 80 hivi, ujazo wa mita za ujazo milioni 688. Maji yamepangiwa zaidi ya watu milioni moja wa Makueni, Kitui na Machakos, pamoja na mji mpya wa Konza. Tarehe ya kumaliza imesogezwa zaidi ya mara moja. Familia zilihamishwa, mashamba na makaburi yakaachwa.

Mimi si mpinzani wa Thwake. Mtu ambaye ana bomba hana haki ya kumwambia asiye nalo kwamba bwawa kubwa halina maana. Ila kuna mambo mawili ambayo mjadala unayaruka.

La kwanza, ukuta ni awamu ya kwanza tu. Mabomba ya kusambaza, stima na umwagiliaji vimewekwa kwenye awamu zinazofuata. Bwawa likijaa, siku ya kwanza litakuwa ziwa. Tayari tuna mfano wa Masinga, ambao watu waliuangalia wakiwa na mitungi mitupu. Kwa hivyo mtu akikuambia "Thwake imefika asilimia tisini na kitu", muulize asilimia ya nini.

La pili ni choo chetu sisi wa Nairobi. Athi inapokea Mto Nairobi, na Mto Nairobi unapokea Ngong na Mathare na kila kitu kinachotupwa humo: maji taka ya mitaa isiyo na mabomba, mabomba ya maji taka yaliyopasuka, taka za viwanda. Kiwanda kikubwa cha kusafisha maji taka ya jiji kiko Ruai, na yakitoka hapo yanaingia mto uleule. Zamani mto ulikuwa unakimbia, uchafu unapungua njiani kadiri maji yanavyopiga mawe na kupata hewa. Ukijenga ukuta, unauambia usimame. Wakaguzi wa serikali wenyewe wameonya kuhusu ubora wa maji yatakayokusanyika pale. Yaani mwanamke wa Makueni aliyetupa mchanga wake tukajengea nyumba, sasa tunamwahidi maji, na maji yenyewe yamepitia vyooni mwetu. Kusafisha kunawezekana, lakini ni ghali, na hiyo gharama itawekwa kwenye bili ya nani? Sijasikia swali hilo kwenye mjadala hata mmoja. Maji taka ya Nairobi yanajadiliwa kama shida ya Nairobi.

Choo hakina kura, nadhani ndiyo sababu. Na cha kushangaza, kwenye vyoo Kitui ina cha kujivunia kuliko jiji. Mwaka 2011 nchi ilijiwekea lengo la kumaliza kujisaidia vichakani vijijini kote ifikapo 2013. Halikutimia. Lakini mwaka 2018 Kitui ilitangazwa kuwa kaunti ya pili, baada ya Busia, ambayo vijiji vyake vyote vimeachana na jambo hilo. Hakukuwa na mradi wa mabilioni. Mhudumu wa afya wa kijiji alikaa na watu, wakachora ramani ya kijiji chini kwa majivu, kila mtu akaonyesha anakoenda asubuhi, kisha wakafuatilia mvua ikinyesha hayo mambo yanaelekea wapi. Yanaelekea mtoni. Kwenye ule mchanga ambao watu wanachimba visima vya mkono kuteka maji ya kunywa. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji hotuba.

Na hapo ndipo vyoo na mabwawa ya mchanga vinakutana. Maji yaliyo ndani kabisa ya mchanga yamechujwa, lakini shimo lililo wazi, linalonywewa na mbuzi na kuchotewa kwa kibuyu, linachafuka upya kila siku. Ndiyo maana bwawa lililofanywa vizuri lina kisima kilichofunikwa pembeni, pampu ya mkono, na uzio wa kuzuia mifugo. Hizo nyongeza ndizo huachwa pesa zikiisha, kwa sababu ukuta unapigwa picha vizuri zaidi. Na choo kinahitaji kutunzwa. Cha shimo kwenye udongo wa kichanga kinaporomoka mvua kubwa ikija, na kutangazwa 2018 hakumaanishi kimesimama hadi leo.

Nimemaliza ya kwangu. Sasa nataka ya kwenu. Kama unatoka Mutomo, Mwingi, Kibwezi, Mbooni, Kaiti, popote pale, nijibu hapa chini: bwawa au bomba la kwenu lilijengwa mwaka gani, kwa sasa linatoa maji au la, na ufunguo wa kisima uko kwa nani. Picha za utepe ukikatwa msinitumie, ninazo nyingi.